Barua ya Wazi kwa Bodi ya Kiwanda Chetu cha Korosho: "Bodi Iliridhia"

Kwa:
Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Wakurugenzi,
Kiwanda cha wakulima cha kubangua korosho,
Mkoa wa Mtwara.

Ndugu Mwenyekiti,
Ndugu Wajumbe,

YAH: MWENENDO WA BODI UNAOIPELEKA KAMPUNI YETU KUFILISIKA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanahisa wa kampuni mnayoiongoza, na ni mwakilishi wa mojawapo ya vyama vya msingi vilivyochangia mtaji wake. Jina langu mnalo kwenye daftari la wanahisa. Sahihi yangu mnayo kwenye barua ambazo masijala yenu ilizipokea na kuzigonga mhuri. Barua hizo hazikujibiwa. Jibu pekee lililonifikia lilikuja kwa mdomo, kupitia kwa mjumbe mmoja wa Bodi tuliyekutana msibani. Alinivuta pembeni, akaniambia kwa upole kwamba mambo ya kampuni hayasemwi barabarani. Ushauri wake niliuheshimu, nikasubiri mkutano mkuu. Mkutano mkuu umeahirishwa tena, na safari hii hata tarehe mpya haikutajwa. Basi leo nasema barabarani.

Vijiweni wengi wanamlaumu Meneja Mkuu. Barua hii haiendi kwake. Meneja ni mwajiriwa, na mwajiri wake ni ninyi. Nimerudia kusoma mihtasari ya vikao vyenu, ile tuliyokuwa tukigawiwa sisi wawakilishi kabla hamjaacha kuigawa. Karibu kila jambo nitakalolitaja lina mstari wake mle ndani, na mstari huo unaishia na maneno mawili: "Bodi iliridhia." Hakuna aliyevunja kufuli la kampuni hii usiku. Aliomba ufunguo, mkampa, katibu akaandika.

Hiyo ndiyo hoja yangu. Ukifuatilia nyaraka za makampuni makubwa yaliyoangushwa na uongozi usio mwadilifu, wizi wenyewe huukuti mwanzoni. Mwanzoni unakuta kikao halali, chenye akidi na chai, kilichoruhusu jambo ambalo kanuni zake zenyewe zilikuwa zinalikataza.

Lakini niseme haki kwanza. Si kila kiwanda kilichofungwa kiliuliwa na viongozi wake. Sisi wa Mtwara na wenzetu wa Lindi tuna majengo ya viwanda vya korosho vilivyojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia, na vingi vilikaa miaka bila kubangua. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika hata tani 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa na kuiacha mikorosho yao mbali, ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, na bei ikawa haimshawishi mtu kupalilia. Viwanda vile vilikosa cha kubangua. Chetu hakina utetezi huo. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 300,000, na mpaka leo sehemu kubwa ya korosho ya kusini inapanda meli ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam. Ghafi ipo, wabanguaji wapo, bandari ipo. Hata mashine zetu, kwa ushahidi wa mafundi wenyewe, hazina tatizo kubwa. Yanayotuua ni haya.

1. SHEHENA ILIYOPO KWENYE KARATASI

Hili nalitanguliza, na nitakaa nalo, kwa sababu ndilo linaloweza kutufunga mlango kabla hayo mengine hayajapata nafasi.

Mkopo wa msimu kutoka benki umewekewa dhamana ya korosho iliyobanguliwa ambayo taarifa yenu inasema imo ghalani. Kila aliyekaa na korosho anajua hesabu hii bila kushika kalamu: ili upate kilo moja iliyobanguliwa unahitaji kilo nne hadi tano za ghafi, kutegemea ubora wa korosho na unyevu wake. Nimechukua kiasi cha ghafi mlichotusomea kwamba kiliingia kiwandani. Nimechukua kiasi kilichouzwa. Nimechukua kiasi mnachosema kimebaki. Hesabu haikai. Kwa ghafi ile, mzigo mnaoutaja usingepatikana hata kama kila korosho ingekuwa ya daraja la kwanza na hakuna hata moja iliyopasuka kwenye mashine. Aidha ghafi iliingia nyingi kuliko mlivyosema, na hapo nitauliza ilinunuliwa wapi na kwa fedha ya nani, maana kangomba, ule ununuzi wa korosho kwa magendo, hatujaimaliza katika wilaya zetu. Au mzigo ghalani ni mdogo kuliko mlivyoiambia benki.

Wapakiaji wana jibu lao. Wanasema safu za mbele za maboksi zina uzito, na za nyuma hakuna aliyewahi kutumwa kuzibeba.

Sisi wa kusini ndio tulioanza kuuza korosho kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, mwaka 2007, na tumeugombania, tumeusifu, tumeulaani. Kwa hiyo hatuhitaji kufundishwa kwamba karatasi ya ghala ina thamani kwa sababu moja tu: kuna mtu amesimama ghalani akahesabu. Asipohesabu, karatasi ile haina tofauti na ya kufungia vitumbua.

Yaliwahi kutokea Marekani, katika mji wa Bayonne, New Jersey. Mfanyabiashara aliyeitwa Tino De Angelis alikuwa na matangi makubwa ya mafuta ya soya, na alikopa kwa kutumia stakabadhi za ghala, kama sisi tunavyokopa. Aliyethibitisha kwamba mafuta yamo alikuwa kampuni tanzu ya American Express, jina ambalo benki zililiamini bila kuuliza mara ya pili. Wapimaji walipofungua matangi juu waliona mafuta. Chini yake palijaa maji, na mafuta, kama kila mpishi ajuavyo, huelea. Mwezi Novemba 1963 kampuni yake, Allied Crude Vegetable Oil, ilifilisika, na wakopeshaji wakagundua kwamba walichokuwa wameshikilia kama dhamana ya zaidi ya dola milioni 150 yalikuwa maji.

Ndugu Mwenyekiti, barua ya kuthibitisha shehena iliyokwenda benki ina sahihi yako. Naomba useme hadharani: kabla ya kuisaini uliingia ghalani? Ulipita nyuma ya zile safu za mbele?

2. USAFIRISHAJI WA "DHARURA"

Muhtasari unaonyesha kwamba, chini ya ajenda ya "Mengineyo", Bodi iliridhia magari ya kampuni ambayo Meneja Mkuu ana hisa yabebe mzigo wetu kwenda bandarini Mtwara, "kwa muda, kutokana na dharura iliyojitokeza". Dharura hiyo inaendelea hadi leo. Zabuni haikutangazwa tena. Anayeomba magari ni Meneja, mwenye magari ni Meneja, na anayeidhinisha malipo ni Meneja.

Mtaniambia ni jambo dogo, nauli tu. Enron ya Houston ilikuwa kampuni kubwa ya nishati, na mwaka 1999 bodi yake ilifanya jambo kama hili. Iliziweka kando kanuni zake za maadili ili mkuu wake wa fedha, Andrew Fastow, aongoze mfuko wa pembeni uliofanya biashara na Enron yenyewe. Mtu mmoja akawa mnunuzi asubuhi na muuzaji mchana. Kupitia mifuko ya namna hiyo hasara zikahamishwa na madeni yakafichwa, hadi hesabu zilizotangazwa zikawa hazina uhusiano na hali halisi. Hisa iliyofikia takriban dola 90 mwezi Agosti 2000 ilikuwa chini ya dola moja kampuni ilipoomba kinga ya kufilisika tarehe 2 Desemba 2001. Wafanyakazi waliokuwa wameweka akiba zao za uzeeni kwenye hisa hizo walitoka mikono mitupu.

Kuna mambo mawili ya Enron ambayo ningependa kila mjumbe ayafikirie. Mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi ile alikuwa profesa wa uhasibu, aliyewahi kuwa mkuu wa shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Stanford. Kwa hiyo nikisikia kwamba tatizo letu ni "uelewa mdogo wa wajumbe kuhusu masuala ya fedha", na kwamba dawa yake ni semina nyingine Dar es Salaam, naona tunatafuta ugonjwa mahali ambapo haupo. La pili: Enron ilikuwa na tamko lake la maadili lenye nguzo nne, nazo ni heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Sisi tuna bango getini lenye neno "Uadilifu" kwa rangi ya kijani. Limechorwa vizuri, sikatai.

3. MKAGUZI WA NDANI ALIYEPELEKWA STOO

Mkaguzi wetu wa ndani aliomba hati za kupokelea mzigo bandarini ili azilinganishe na hati za kutoka ghalani. Ombi la kawaida kabisa. Ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Mwezi uliofuata alihamishiwa stoo ya pembejeo kusimamia mifuko ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, "ili kuimarisha kitengo hicho". Nafasi yake haijajazwa. Bodi iliridhia.

Sitaandika zaidi kuhusu kijana huyo, asije akahamishwa tena. Niseme tu kwamba mtindo huu una historia. Mwezi Agosti 2001 mfanyakazi wa Enron, Sherron Watkins, alimwandikia mwenyekiti wake, Kenneth Lay, akimweleza wasiwasi wake kuhusu hesabu. Kabla mwezi haujaisha, mwanasheria wa nje wa kampuni alikuwa ameandika kuhusu hatari za kisheria endapo mwanamke huyo angefukuzwa. Nyumba inaungua, na uongozi unauliza aliyepiga kelele atolewe vipi. Miezi iliyobaki haikutosha kuokoa chochote.

Hapa kwetu ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mwanasheria wa kampuni anaifahamu. Kama hajawakumbusha, namkumbusha yeye.

4. MAKATO YA WABANGUAJI

Hili ndilo lililonitoa nyumbani kuja kuandika.

Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Wanaobangua, na wengi wao ni mama zetu na dada zetu, wanajipaka majivu au mafuta mikononi kabla ya kuanza, na bado ngozi inababuka. Unaweza kumtambua mbanguaji kwenye daladala kwa vidole vyake. Mikono hiyo ndiyo iliyotupa jina sokoni.

Kila mwezi hati zao za mshahara zinaonyesha makato ya NSSF. Kwa mujibu wa sheria mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu inayokatwa kwa mfanyakazi haizidi nusu yake. Iliyobaki ni ya mwajiri. Fedha imekatwa. Haikufika. Walijua hivyo mmoja wao alipokwenda kufuatilia mafao ya uzazi, akaonyeshwa kwamba michango yake iliishia miezi mingi nyuma. Wenzake wakaanza kwenda kuulizia mmoja mmoja, na kila aliyekwenda alirudi na habari ileile. Kuna wengine hawana hata hati ya mshahara. Wanaitwa vibarua, ingawa wamebangua hapo tangu kiwanda kilipozinduliwa, na sijui kibarua wa namna hiyo anakuwa mwajiriwa lini.

Ndugu Wajumbe, deni la benki ni deni. Benki ilikubali kukopesha, ilijua hatari, ilichukua dhamana. Mama huyu hakuikopesha kampuni. Fedha yake ilikatwa kabla haijamfikia mkononi, kwa ahadi kwamba inapelekwa mahali fulani, nayo ikatumika kwa shughuli nyingine. Katika lugha ya vikao mnaita "changamoto ya mtiririko wa fedha". Miezi hiyohiyo ya changamoto, posho za vikao vya Bodi zililipwa zote, na kulikuwa na ziara ya mafunzo. Sijasema ziara ilikuwa mbaya. Nauliza fedha yake ilitiririka kutoka wapi.

Na kwa faida ya wale wanaodhani deni hili linaweza kusubiri: mchango uliocheleweshwa unaongezewa adhabu. Kila mwezi mnaonyamaza, kampuni inadaiwa zaidi.

5. MKUTANO MKUU NA HESABU ZILIZOKAGULIWA

Sina mengi hapa. Wanahisa hatujawekewa mezani hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje. Tumesomewa muhtasari wa ukurasa mmoja, kwa haraka, kabla ya chakula. Waliouliza maswali walijibiwa kwamba muda umekwisha. Gawio tumeacha kulitaja, lakini hesabu ni haki yetu hata kama faida ni sifuri.

MAJIBU NINAYOYATARAJIA

Nimekaa kwenye vyama vya ushirika muda wa kutosha kujua majibu yatakayokuja, na pengine yatakuja kwa mpangilio huu.

La kwanza litakuwa bei ya soko la dunia. Ni kweli bei imeyumba, na ni kweli kushindana na wabanguaji wa Vietnam ni kazi. Lakini watu wa mkoa huu na wa Lindi tunao mfano wetu wa kujifunzia namna viongozi wanavyosukumia lawama nje. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga, Kongwa upande mmoja na Nachingwea upande wa pili. Walipanga kulima zaidi ya ekari milioni 3 bila kuanza na shamba la majaribio la maana. Bandari ya kina kirefu ikajengwa Mtwara na reli ikatandikwa kutoka huku hadi Nachingwea, kwa ajili ya karanga ambazo hazijaota. Mwanzoni mwa 1951 mpango ukaachwa, baada ya kula takriban pauni milioni 36. Reli nayo ilifungwa mwaka 1962 na vyuma vyake vikang'olewa. Lawama zikaangukia mvua, udongo mgumu na matrekta mabovu. Mvua na udongo vilikuwepo kabla yao, na wenyeji walivijua. Kilichokuwa kigeni ni uongozi uliokwisha kutangaza idadi ya ekari na haukutaka kuambiwa kwamba idadi hiyo haiwezekani. Bei ya dunia inaweza kueleza kwa nini hatupati faida. Haielezi maboksi ya safu ya nyuma. Haielezi NSSF.

Jibu la pili: "Bodi haikujua, tuliletewa taarifa na menejimenti." Mwezi Oktoba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliiweka Imperial Bank chini ya usimamizi. Wiki chache kabla, mkurugenzi mtendaji wake alikuwa amefariki, na bodi ikasema ni baada ya kifo chake ndipo ilipobaini yaliyokuwa yakifanyika. Labda ni kweli hawakujua. Wenye akaunti walibaki nje ya milango hivyohivyo. Mjumbe wa bodi hulipwa posho ili ajue. Kama hakujua, basi alilipwa kwa kazi ambayo hakuifanya, na sioni utetezi huo unamsaidiaje.

Mtasema pia kwamba barua kama hii itawaogofya benki na wanunuzi. Hili ndilo lililoninyamazisha muda mrefu kuliko mengine yote, kwa hiyo silidharau. Wanunuzi wakikimbia, wa kwanza kuumia ni wabanguaji walewale ninaowatetea. Lakini benki itajua. Swali lililobaki ni kama itajua kutoka kwa wamiliki wa kampuni wakiwa wanahesabu ghala lao wenyewe, au itajua siku itakapoleta dalali. Funika kombe mwanaharamu apite ni busara kwenye harusi. Kwenye ghala lililowekwa dhamana ni kosa la jinai linalosubiri siku yake.

Na yupo atakayesema mwandishi ana lake: anautaka uenyekiti, au ametumwa. Nimeshazeeka kutaka viti. Hata hivyo tuseme nimetumwa. Maboksi yahesabiwe, tuone kama aliyenituma alikosea hesabu.

TUNACHOOMBA

Hapa naandika kwa wingi, kwa kuwa wawakilishi wenzangu wa vyama vya msingi wameisoma barua hii na kukubaliana nayo.

(a) Ghala lihesabiwe, boksi kwa boksi, na kupimwa kwa mizani iliyokaguliwa na Wakala wa Vipimo, mbele ya wawakilishi wa vyama vya msingi, wabanguaji wawili watakaochaguliwa na wenzao, na afisa wa benki. Menejimenti itoe funguo na ikae pembeni.

(b) Mkutano mkuu wa dharura uitishwe ndani ya siku 30, ajenda ikiwa hesabu zilizokaguliwa na mkaguzi wa nje ambaye hakuchaguliwa na Meneja Mkuu. Msiweke "Mengineyo".

(c) Mkataba wa usafirishaji usimamishwe, zabuni itangazwe, na kila mjumbe pamoja na kila mkuu wa kitengo atangaze kwa maandishi biashara aliyo nayo, yeye au ndugu zake, na kampuni hii. Tangazo hilo libandikwe ofisi za vyama vya msingi, mahali ambapo bei za mnada hubandikwa.

(d) Mkaguzi wa ndani arudi kwenye kazi yake, na kuanzia sasa taarifa zake ziende moja kwa moja kwenye Bodi na kwenye mkutano mkuu.

(e) Michango yote ya NSSF iliyokatwa ilipwe pamoja na adhabu zake, na kila mbanguaji apewe uthibitisho wake mkononi. Mpaka hilo litakapokamilika, posho za vikao vya Bodi zisitishwe. Tunajua posho hazitamaliza deni. Zitawafanya mlikumbuke kila mnapokutana.

(f) Wajumbe waliosaini uthibitisho wa shehena wakae kando wakati hesabu ya ghala inafanyika. Hatujamhukumu mtu. Ikionekana mzigo upo wote, nitakuwa wa kwanza kusimama mkutanoni na kulisema hilo kwa sauti.

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inawapa wanahisa wenye angalau sehemu moja ya kumi ya mtaji uliolipwa haki ya kuidai bodi iitishe mkutano wa dharura, na bodi ikikaidi, kuuitisha wenyewe. Vyama vya msingi vilivyokwisha kuweka sahihi vinavuka kiwango hicho. Tungependelea uitishwe na ninyi. Kwenye suala la usafirishaji na uthibitisho wa shehena, siku 30 zikipita kimya, mafaili tutayapeleka TAKUKURU na nakala BRELA, kwa msajili wa makampuni, na baada ya hapo hatutakuwa na uwezo wa kuyarudisha.

Neno moja kuhusu muda, kwa sababu najua kuna watakaopendekeza "tusubiri msimu upite". Hivi sasa wakulima tuko mashambani na salfa, ghala limetulia, na kilichomo ni cha msimu uliopita peke yake. Mwezi Oktoba minada ikianza, ghafi mpya itaanza kuingia, mashine zitawashwa na maboksi mapya yatapangwa mbele ya yale ya zamani. Kuanzia siku hiyo hakuna mkaguzi, awe wa ndani au wa nje, atakayeweza kutenganisha mzigo wa msimu huu na ule mlioiambia benki kwamba upo. Ghala lihesabiwe kabla ya mwisho wa Agosti.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwanahisa na mwakilishi wa chama cha msingi,
Newala.

Nakala:
Wenyeviti wa vyama vya msingi vyenye hisa, ili wasome kwenye mikutano yao.
Mwakilishi wa wabanguaji, kiwandani.
Meneja wa tawi, benki iliyotoa mkopo wa msimu.
Mkuu wa Wilaya.